Nafasi Moja ya Mbajuni

Kuluthumu alifungua kufuli, akauweka mnyororo kando, akaanza kuosha kifundo cha mguu wa kaka yake. Ngozi ilikuwa imechubuka tena mahali palepale. Badi aliyatazama maji yakichuruzika kwenye beseni. Alikuwa kimya tangu Jumatano, na kimya chake kilikuwa afadhali, kwa sababu akianza kusema huwajibu watu wasiokuwepo, kisha hutoka mbio kuelekea bandarini, ambako walinzi wana bunduki na hawana subira. Mara ya mwisho walimrudisha na taya limevunjika. Shangazi yao Mariam ndiye aliyeleta mnyororo. Kufuli aliitafuta Kuluthumu mwenyewe, na ufunguo aliuvaa shingoni.

"Karatasi hizo za nini?" Badi aliuliza ghafla, akionyesha fomu juu ya kitanda.

"Za chuo. Naomba kwenda kusoma."

"Wasomea kichu gani?"

"Kitwa chako," akasema, akimgusa kichwani.

Badi akacheka, kicheko chake cha zamani kabisa, cha wakati alipokuwa akizamia kamba kisiwani Koyama, kabla ya siku ile walipotoka watano wakakutana na watu wenye silaha, wakarudi wawili. "Basi soma hima," akasema. Mguu ulipokauka akaunyoosha mwenyewe mbele ya dada yake, ili afungwe. Hilo ndilo lililomuuma Kuluthumu kuliko yote, kwamba siku hizi alikuwa akiunyoosha mwenyewe.

Kuluthumu alikuwa mkalimani katika kliniki ya maradhi ya akili hapo Kismayu. Wagonjwa kutoka visiwani walisema Kibajuni, yeye akayageuza kwa Kisomali, wauguzi wakaandika. Mtaalamu wa saikolojia alikuja kila baada ya miezi miwili, akakaa siku tatu. Badi alishapata robo saa mara mbili, na vidonge vya kumlaza. Wa kukaa naye wiki baada ya wiki, akazungumza naye mpaka atoke huko aliko, hakuwepo. Kuluthumu angeweza. Alikuwa na shahada ya kwanza, alikuwa na miaka minne ya kuwasikiliza wagonjwa, lakini sheria ya kliniki ilikuwa fupi: mkalimani hatibu.

Sasa chuo kilikuwa kimetangaza shahada ya uzamili ya saikolojia ya tiba, na kimetenga nafasi moja ya Mbajuni. Moja tu. Mwanafunzi angeanza kuwaona wagonjwa katika kliniki ileile tangu mwezi wa kwanza. Kulikuwa na kanuni ya kutomtibu ndugu yako. Kuluthumu aliisoma, akaipita.

Kilichobaki ni barua ya mkuu wa kazi, na mkuu wa kazi alikuwa mudiri wa kliniki, Abdisalam.

"Barua nitakuandikia," Abdisalam alisema kwa Kisomali, macho yakiwa kwenye simu yake. "Kwa nini nisikuandikie? Wewe ni mtu wetu."

"Ahsante, mudiri. Mwisho ni Alhamisi ya wiki ijayo."

"Usinihimize. Kuna binti wa ndugu yangu, Mulki. Anapenda kuwasaidia mama wa visiwani, ila lugha hana. Kaa naye jioni mbili tatu. Mfundishe mnavyosema nyie."

Alikaa naye jioni sita, katika chumba cha dawa. Tena alikaa naye kwa furaha. Miaka yote hakuna mtu wa ofisi aliyewahi kumuuliza lugha yake isipokuwa kwa kumcheka. Mulki alikuwa mwerevu, mpole, na kalamu yake haikutulia.

"Mtu?" Mulki aliuliza.

"Mchu. Wachu. Kitu, kichu. Amekuja, amekuya."

"Mbona wewe, ukisema na watu wa Mombasa, unasema mtu?"

Kuluthumu alicheka. "Hiyo ni rula ya mwalimu." Akamweleza shule ya kambini Kenya, ambako aliyesema mchu alinyoosha vidole akachapwa mpaka ulimi ukajua adabu. Tangu hapo, mbele ya meza yoyote yenye watu wakubwa, ch zake zilikimbia zenyewe. Mulki aliliandika na hilo pia.

Barua ikatoka Alhamisi, saa moja kabla ya mwisho.

Usaili ulifanyika katika ukumbi wa wilaya. Kamati ilikuwa ya watu wawili, mzee mwenye tai na mwanamke mwenye miwani, na wote wawili hawakujua Kibajuni. Maswali ya saikolojia Kuluthumu aliyajibu vizuri. Alijua ameyajibu vizuri, kwa sababu mzee aliacha kupiga miayo. Kisha mwanamke akavuta karatasi.

"Nafasi hii ni ya Mbajuni," alisema kwa Kisomali. "Wakenya wamejaribu kuichukua. Kwa hiyo tunapima. Mwambie mgonjwa kwa lugha yenu: mtu huyu amekuja kukusaidia."

Kuluthumu alikaa wima, akakunja mikono mapajani kama alivyofundishwa shuleni.

"Mtu huyu amekuja kukusaidia," alisema.

Mwanamke akatia alama. "Vitu vitatu."

"Vitu vitatu," alisema Kuluthumu, polepole zaidi, ili wasikie vizuri.

Alama nyingine. Hapo ndipo alipoiona karatasi. Ilikuwa na safu mbili, ya kushoto imeandikwa Mkenya, na chini yake mtu na vitu, ya kulia Mbajuni, na chini yake mchu na vichu, na alama zote mbili zilikuwa kushoto.

"Samahani. Nyumbani twanena mchu. Vichu vichachu. Hapa nimenyoosha ulimi kwa heshima yenu."

"Kwa heshima yetu," mzee alirudia, kama anayeonja kitu. "Mbajuni wa kweli hangojei kukumbushwa."

"Baba yangu amezikwa Koyama. Shangazi yangu yuko hapa mjini, mpigieni simu mumsikie."

"Hatuna utaratibu wa kupigia mashangazi," alisema mwanamke, wala hakusema kwa ubaya. "Ahsante. Mwite anayefuata."

Anayefuata alikuwa Mulki. Alikuwa ameketi kwenye benchi la nje ya ukumbi, amejifunga leso kama Kuluthumu afungavyo yake, na mkononi ana cheti cha wilaya kinachosema kuwa ni Mbajuni. Vyeti hivyo hutolewa na rafiki za mudiri.

"Abaayo, dada yangu," alisema Mulki, akainamisha macho, "adeer Abdisalam amenambia nawe umeomba. Nimejua leo asubuhi tu. Anasema nisipoingia mimi itachukuliwa na mtu mwingine."

"Mtu mwingine ni mimi."

Mulki aliinuka, akaingia. Mlango haukufungika sawasawa. "Mchu uyu amekuya kukusaidia," sauti ilisema ndani, safi kabisa, na ya mzee ikajibu kwa kuridhika.

Majibu yalipotoka, na jina likawa la Mulki, Kuluthumu alikwenda kwa Abdisalam. Alisimama mbele ya meza yake, mikono ameikunja.

"Mimi sikukuzuia," Abdisalam alimwambia. "Barua yako niliisifu sana. Ukweli, kazi yako tunaihitaji zaidi sasa. Mulki hatawasikia wagonjwa bila wewe."

Wiki ya tatu ya masomo yake, Mulki alipewa mgonjwa wa kwanza kutoka orodha ya waliosubiri. Alikuwa Badi. Shangazi Mariam na Kuluthumu walimleta asubuhi kwa bajaji, bila mnyororo, wamemshika mikono huku na huku. Shangazi akabaki nje. Badi akaketi, akamtazama msichana mwenye koti jeupe, akamgeukia dada yake.

"Umemaliza kusoma kitwa changu?" aliuliza.

Mulki aliinua kalamu. "Anasema nini?"

Sheria ya mkalimani nayo ni fupi: hupunguzi, huongezi. "Anauliza: umemaliza kusoma kichwa changu?" alisema Kuluthumu kwa Kisomali.

Mulki alitikisa kichwa kwa huruma, akaandika. Aliandika kwa makini, kwa mwandiko mzuri: Mgonjwa anaamini kuna watu wanaosoma yaliyomo kichwani mwake. Kisha akaisogeza fomu upande wa pili wa meza. Chini kulikuwa na mstari wa mkalimani, wa kuthibitisha kwamba maneno ya mgonjwa yamefasiriwa kama yalivyosemwa.

"Hapa, abaayo."

Kuluthumu alitia saini, kwa sababu yalikuwa yamefasiriwa kama yalivyosemwa. Alipoinama juu ya fomu, ufunguo ukamtoka kifuani, ukagonga meza. Badi aliusikia. Akavua kiatu, akanyoosha mguu.