Sehemu Aliyoiacha

"Sitamtaja jina," Madam Brigita alisema kwenye kipaza sauti, nami nikaweka chini chupa yangu ya soda, kwa sababu nilishajua anayesemwa ni nani.

Ilikuwa kicheni pati ya wifi yangu Rosalia, kwenye ukumbi mmoja hapa Babati mjini, wanawake watupu, wote tumevaa kitenge cha aina moja. Madam Brigita alikuwa ameitwa amfunde bibi harusi. Ni mshauri nasaha, na kwa miezi minne nilikuwa mteja wake. Siku ya kwanza alinisainisha fomu: siri zangu hazitoki ofisini kwake ila nikiruhusu mwenyewe, mahakama ikiamuru, au maisha ya mtu yakiwa hatarini. Sasa niambie, pale ukumbini, kati ya pilau na keki, ni maisha ya nani yalikuwa hatarini?

"Kuna mama mmoja hapa hapa mjini," akaendelea, "mume wake fundi wa mashine za kusaga. Amejifungua kwa upasuaji, mtoto wa kwanza, wa kike. Siku moja akamzungushia mtoto mito kitandani, akapanda bodaboda hadi Bonga kusubiri basi la Dodoma. Anakimbia ndoa! Rosalia mwanangu, ndoa haikimbiwi."

Wakapiga vigelegele. Vigelegele! Mama mkwe wangu, Mama Elieza, hakupiga. Yeye ndiye aliyemkuta mwanangu Hope peke yake katikati ya ile mito, nami nikamdanganya kwamba nilikwenda duka la dawa. Alinitazama mpaka meza nzima ikaona.

Kesho yake asubuhi alikuja kwetu Singe, akamfunga mjukuu wake mgongoni. "Atakaa kwangu Sigino mpaka nitakapoamua." Mume wangu Elieza alisema mama yake hajakosea. Nililia kwa hasira mpaka kichwa kikauma. Jumatatu nikachukua ile fomu, nikaenda kwa Madam.

"Sikutaja jina, Mama Hope," alisema, bila hata aibu. "Ulikuwa mfano tu wa kufundishia."

"Umetaja mume, upasuaji, mito na Bonga. Ulibakiza nini, namba ya simu? Tena umesema nilivyoondoka, hukusema nilivyorudi."

Kwa maana nilirudi. Na sikuwa nakimbia ndoa. Nilikuwa silali, nimelemewa, simpendi mtu yeyote, hata mtoto, hata mimi mwenyewe. Pale Bonga basi liliposimama, konda akanishika mkono nipande, maziwa yakatoka yenyewe yakalowesha blauzi. Nilimlilia dereva wa bodaboda aongeze mwendo njia nzima kurudi nyumbani. Hayo yote nilimsimulia Madam, akayaandika kwenye daftari lake. Ila mwanamke aliyerudi hafai kumtishia bibi harusi.

"Twende Sigino," nikamwambia. "Kamwambie mama mkwe hiyo sehemu uliyoiacha. Mimi hataniamini, nilishamdanganya."

Akavuta pumzi, akajiweka sawa kitini. "Hapo unanitafutia matatizo. Maadili ya kazi yangu hayaniruhusu kumzungumzia mteja kwa ndugu zake."

Sijui niliuzuiaje mkono wangu. Nikaigeuza ile fomu, nikaandika nyuma yake kwa herufi kubwa: MIMI EVELYNE NAMRUHUSU MADAM BRIGITA ASEME YOTE KWA MAMA MKWE WANGU. Nikaweka tarehe, nikasaini, nikamsukumia.

"Ruhusa hiyo hapo. Nyanyuka."

Sigino tulimkuta Mama Elieza uani, Hope mapajani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Madam akakaa kwenye kigoda, akakohoa.

"Mama, kuna mama mmoja hapa mjini..."

"Taja jina," nikasema.

Akalitaja. Akaeleza yote, usiku wa kutolala, konda, mpaka maziwa kwenye blauzi. Mama Elieza alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza kwa sauti ya chini kabisa:

"Na juzi ukumbini, haya ulikuwa unayajua?"

Madam akanigeukia mimi.

"Nakuuliza wewe. Ulikuwa unayajua?"

"Nilikuwa nayajua, mama."

Mama Elieza akasimama, akampita bila kumgusa, akaniletea mtoto wangu.