Kadi ya Kumi na Saba

Kalibu ya mwisho ilikuwa bado ya moto alipoipiga nyundo. Mchanga ulioungua ukabomoka, vumbi jeusi likapanda hadi kwenye taa, naye akakohoa mpaka akalazimika kushika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Kitambaa alichojifunga puani kilikuwa kipande cha kanga kuukuu ya mkewe. Alipopata nafuu alitema chini, akafukia kwa kiatu, akainua gamba la pampu lililotoka ndani ya ule mchanga na kuligeuzageuza. Halikuwa na tundu wala ufa. Katika kazi ya kusubu chuma hakuwa na mpinzani, na hata wasiompenda walilikubali hilo.

Karakana nzima ilimwita Kumi na Saba. Mkewe naye alimwita hivyo, siku akiwa na furaha.

Mwanzilishi wa kampuni, ambaye kila mtu alimwita Babu, hakupenda makaratasi. "Sisi hapa ni familia," alizoea kusema, "na ndugu hawaandikiani mikataba." Badala ya mkataba alimpa kila fundi kisahani cha shaba chenye namba, na fundi akifa, mwanawe alikivaa na kushika kazi ya baba. Watu waliligombania jambo hilo. Vibarua waliopanga mstari getini kila asubuhi walikuwa wakiwaonea kijicho wenye namba, na wenye namba walitembea vifua mbele.

Baba yake alikuwa Kumi na Saba tangu mwaka ule kampuni ilipofunguliwa. Siku moja mnyororo uliobeba chungu cha chuma kilichoyeyuka ulikatika, na baba alikuwa chini yake. Walimzika Ijumaa. Jumatatu mwanawe, kijana wa miaka ishirini na mitatu, alisimama palepale. Babu mwenyewe alimvalisha kisahani, akamwambia, "Sasa wewe ndiye Kumi na Saba." Kijana alilia, na si kwa huzuni tu. Sasa miaka thelathini na mmoja ilikuwa imepita.

Wiki mbili kabla ya hapo daktari alikuwa amemwonyesha picha ya kifua chake na kumwambia kwamba mapafu yamejaa mchanga. Hospitali kuu ilikuwa na wodi ya wagonjwa wa viwandani, yenye mashine za hewa, na ilimpokea yeyote aliyekuja na barua ya mwajiri inayosema amefanya kazi kwenye vumbi, na kwa miaka mingapi. Barua tu. Bila barua, alisema daktari, tusidanganyane, mwaka huu huumalizi.

Kwa hiyo alinawa mikono, akapanda ngazi kwenda masijala. Kampuni ilikuwa ikijiandaa kutimiza miaka sabini na mitano. Kuta zilinuka rangi mbichi, na mtu aliyekodiwa kuandika kitabu cha historia alikuwa amezitoa kadi zote za wafanyakazi na kuzirundika mezani. Mama wa masijala alipekua, akaipata kadi ya kumi na saba, akavaa miwani. Akaivua, akaifuta, akaivaa tena.

"Kadi ni moja kwa kila namba," alisema. "Hapa imeandikwa fundi wa kalibu, ameanza mwaka wa kwanza wa kampuni. Halafu chini, kwa wino mwekundu, amefariki."

"Huyo ni baba."

"Baada ya hapo hakuna kitu, kaka yangu. Wewe umo humu kama marehemu."

Alicheka. Lakini alipoona mwenzake hacheki, aliomba aonane na mkurugenzi.

Mkurugenzi alikuwa mjukuu wa Babu. Zamani za likizo za shule, Kumi na Saba ndiye aliyemfundisha kushindilia mchanga kwenye kalibu, na siku moja alimvuta ukosi akamwondoa kwenye njia ya chuma kilichomwagika. Mkurugenzi aliinuka, akampa mikono miwili.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, baba."

Kabla hajaketi, karani alikuja mbio na kutandika gazeti juu ya kiti. Kumi na Saba alikaa juu ya gazeti akaeleza shida yake, akisimama katikati ya maneno kuvuta pumzi. Mkurugenzi alisikiliza kwa upole hadi mwisho. Ni mtu aliyejua kusikiliza.

"Kwanza nikwambie habari njema," alisema. "Umo kwenye kitabu. Mwandishi amependa sana hadithi ya namba yako. Kumi na Saba haijawahi kukosekana kazini miaka sabini na mitano. Ukurasa mzima."

"Nashukuru, baba. Lakini daktari anataka barua."

"Hapo ndipo unaniweka pabaya. Niandike nini? Kadi inasema mwenye namba alifariki. Nikiandika kwamba marehemu aliendelea kupiga kalibu miaka thelathini, serikali itakuja kuuliza na wengine wangapi wako hivyo. Mwaka wa sherehe, mzee wangu. Wageni wamealikwa."

"Lakini wewe unanijua."

"Kukujua nakujua. Kwani nimekukana? Mimi nazungumzia karatasi."

"Babu ndiye aliyesema ndugu hawaandikiani."

"Na hakuwahi kumfukuza ndugu hata mmoja, Mungu amrehemu." Mkurugenzi alitazama saa ya ukutani. "Wewe unataka nini hasa?"

Kumi na Saba hakujua kubembeleza. Alikuwa hajafanya hivyo maishani mwake, na aliona aibu kuanza akiwa amekalia gazeti. Alisema, kwa sauti ndogo, kwamba anaomba karatasi yoyote yenye muhuri wa kampuni, iseme Kumi na Saba amefanya kazi kwenye kalibu. Hospitali watamwona wenyewe alivyo. Atawaeleza.

"Hilo linawezekana," mkurugenzi alisema, akaonekana kufurahi kweli. "Tutaandika kile ambacho kadi inaturuhusu."

Barua ilichapwa huku akisubiri koridoni. Alipoletewa aliisoma ameegemea ukuta, na rangi mbichi ikamshika begani. Ilianza: Kwa familia ya marehemu. Ilithibitisha kwamba mfanyakazi namba kumi na saba alikuwa fundi wa kalibu, mwaminifu na mchapakazi, mpaka mauti yalipomfika. Kampuni ilitoa pole zake za dhati. Saini ilikuwa ya mkurugenzi, na muhuri ulikuwa mzuri, wa buluu, haukupauka popote.

Alikunja barua akarudi chini kuchukua nyundo yake. Msimamizi alikuwa amesimama mbele ya meza yake.

"Nimepigiwa simu kutoka juu," alisema bila kumtazama. "Namba imefungwa. Hatuwezi kuwa na mtu mwenye namba ya marehemu humu ndani. Likitokea la kutokea, bima itatuuliza. Nisamehe, kaka. Nipe kisahani."

Akampa. Alitaka kumtukana, tusi likafika hadi kooni, lakini kikohozi kililitangulia. Alipomaliza, msimamizi alikuwa ameshakwenda zake.

Kesho yake asubuhi alikwenda hospitali kuu, amevaa shati la kanisani. Njiani alipumzika mara tano. Aliyapanga maneno yake vizuri: kwanza namba, kisha baba, kisha Jumatatu ile. Mtu yeyote mwenye akili angeelewa. Kumi na Saba ni yeye, nani asiyemjua.

Msichana wa mapokezi aliisoma barua mara mbili. Uso wake ukalegea.

"Pole sana, baba. Marehemu alikuwa nani wako?"

"Ni baba," alianza, "lakini hiyo namba..."

Kikohozi kikamkamata. Msichana akasubiri kwa adabu, akamsogezea karatasi laini kupitia upenyo wa kioo. Alikuwa amewaona wengi walioshindwa kusema walipofika hapo. Nyuma watu walianza kunung'unika, kwa hiyo alimrahisishia.

"Usijilazimishe kuongea. Cheti cha kifo ni dirisha la sita, kule mwisho. Wape hiyohiyo barua."

Aligeuka kutazama. Foleni ya mapokezi ilikuwa imembana nyuma yake na haikuwa na mahali pa kukaa. Ya dirisha la sita ilikuwa na benchi. Alikwenda, na watu wakabanana wakampisha, maana kila aliyekuwa pale alikuwa amefiwa. Mama mmoja akamuuliza amefiwa na nani. Hakuwa na pumzi ya kujibu, akamwonyesha barua. Mama akaisoma hadi kwenye saini, akamshika bega, akamwambia ajikaze. Dirisha likafunguliwa, benchi likasogea nafasi moja, naye akasogea.