Siku Ongdup Alipoulizia Jimbo

Mume wangu Ongdup alifia katikati ya mgomo wa chama cha kudai jimbo, na nadhani angepewa kuchagua angechagua hivyo hivyo. Maduka yote ya mlimani yalikuwa yamefungwa, majani ya chai yanakomaa bila mchumaji, bendera zimetundikwa mpaka kwenye choo cha shule, naye kifua kikamgomea. Tangu tuoane alikuwa akikitumia kupigia kelele za jimbo: tupewe jimbo letu, tuachane na Wabengali wa bondeni, watoto wasome kwa lugha yetu.

"Lugha yetu" maana yake Kinepali. Hapo ndipo tulipokosana. Sisi ni Warong, wengine hutuita Walepcha. Tulikuwa kwenye milima hii kabla ya chai na kabla ya Mwingereza, na Kinepali tulijifunzia sokoni. Chama kikasema milima ina sauti moja. Ongdup akakihama Kirong, kwanza mkutanoni, halafu mezani, mwishowe hata kitandani. Nikimsemesha Kirong, ananijibu Kinepali. Watoto wakafuata lugha ya baba yao.

"Vumilia, mke wangu," alikuwa akisema. "Serikali ikituona tunagombania vilugha, itatucheka. Tupate jimbo kwanza. Siku tukilipata, nakuapia, nitakusemesha Kirong mpaka uniombe ninyamaze."

Ahadi ni deni, nikangoja. Ngojangoja huumiza matumbo, na langu liliuma mpaka likazoea. Majirani waliokijua Kirong wakafa mmoja mmoja, nikabaki nakisema na ng'ombe. Ng'ombe si msikilizaji mbaya, ila hana habari mpya.

Chama kilimzika. Walimfunika bendera, na Deoraj, katibu wa tawi, akahutubia mpaka mvua ikamfukuza. Sikubisha. Mwili niliwaachia, roho sikuwaachia. Kwetu roho haijui njia. Lazima mun, mganga wetu, aisindikize mpaka kilele cha ukoo wake kule kwenye theluji, akiutaja kila mto na kila mteremko. Kabla ya kuondoka, aliyekufa huazima mdomo wa mun akawaaga watu wake, na watu wake humjibu. Asipojibiwa haendi. Hubaki nyumbani, akimgusa huyu na yule, na maradhi huanzia hapo.

Mun pekee niliyemjua, Bibi Nyamit, alikaa ng'ambo ya mto Tista, na barabara zilikuwa zimefungwa. Nikaenda kwa Deoraj.

"Mama, mgomo ni mgomo," akasema. "Leo nikiruhusu gari la mganga, kesho watakuja wa harusi."

"Gari la pombe ya mkutano wenu lilipita juzi. Nililiona kwa macho yangu."

Akajikuna shingo. "Haya, mama. Lakini na mimi nitakuja. Ongdup alikuwa mtu wetu."

"Njoo. Ila hotuba uziache kwako."

Ukweli ni kwamba sikuhangaika kwa ajili ya roho tu. Nilitaka kumsikia. Nilijiambia kwamba wafu hawana chama, kwamba huko aliko hana wa kumwogopa, na ataniaga kwa lugha aliyonitongozea. Sentensi moja ingenitosha.

Jioni Bibi Nyamit aliketi mbele ya nguo za Ongdup, kando pana mchele na pombe ya ulezi, akaimba kwa Kirong mpaka sauti ikamkwaruza. Mwanangu Norden na mkewe walikaa nyuma kama wageni, hawaelewi hata neno. Mimi nilielewa yote, na nililia kwa raha ya kuelewa tu. Kisha bibi akakohoa. Kilikuwa kikohozi cha Ongdup, chenye mluzi mwishoni.

"Jamani," akasema, kwa Kinepali. "Jimbo tumepata?"

Norden alijisukuma mbele akilia, "Baba! Baba yangu!"

"Ongdup, ni mimi," nikasema kwa Kirong. "Hunijui?"

"Dukmit, mke wangu," akajibu, kwa Kinepali kile kile cha mkutanoni. "Jimbo tumepata?"

Wote wakanigeukia, maana mjane ndiye anayejibu. Nikakumbuka alivyoniapia.

"Tumelipata," nikasema. Nilisema kwa Kinepali, asije akasingizia hakusikia.

Deoraj akaninong'oneza, "Mama! Unamdanganya maiti?"

"Wewe umewadanganya wazima miaka mingapi? Nyamaza."

Tukangoja. Bibi Nyamit alikuwa amefumba macho, midomo ikimchezacheza kama ya mtu anayetafuta jina la jirani wa zamani. Niliinama mpaka nikasikia pumzi yake.

"Sema," nikamwambia kwa Kirong. "Uliapa. Sema chochote. Niite tu nije kula."

Midomo ilicheza, ikafunguka, ikafungika. Kisha, kwa Kinepali, taratibu na kwa aibu: "Nakitafuta Kirong, Dukmit. Sikioni. Nijibu basi, niende."

Nilitamani kumkatalia. Nilitamani akae hapo hapo mlangoni akitafuta mpaka akipate. Lakini nilimwona Norden na mkewe, nikaona tumbo la mkewe linavyoanza kutokeza, na hasira yangu haikuwa na pa kwenda.

"Nenda salama, baba Norden," nikasema kwa Kinepali. Akaenda.

Baadaye watu walikula na kunywa, wakimsifu marehemu kwamba amesema vizuri, kila mtu ameelewa. Bibi Nyamit alinivuta pembeni.

"Usinilaumu, mwanangu," akaniambia kwa Kirong. "Mimi ni mlango tu. Anayepita hupita na viatu vyake."

"Sikulaumu, bibi."

"Na wewe siku yako ikifika, nani atakujibu?"

Jibu ninalo sasa. Nikimuaga Norden kwa Kirong hatanijibu, maana hatajua kama nimemuaga au nimemlaani. Nisipojibiwa sitaondoka, nitabaki humu nikimgusa yeye, mkewe na mtoto wao. Kwa hiyo kila asubuhi, nikiwa peke yangu, nayafanyia mazoezi maneno yangu ya kuaga. Nayasema kwa Kinepali.