Nywele Nyeupe Kwenye Majani

"Baruti yako mbovu, kaka. Hakuna kingine. Ungekuwa na baruti ya maana, saa hizi tunachuna ngozi."

"Baruti mbovu inajamba tu, haipigi. Wewe umepiga, umejeruhi, umepoteza. Sasa unatafuta pa kubandika lawama."

"Nimepoteza mimi? Nani alikuwa nyuma anachechemea kama meza ya miguu mitatu?"

"Pazeni sauti kidogo," dada yao akadakia kutoka jikoni, anasugua sufuria. "Kuna jirani mmoja kule mwisho wa mtaa hajasikia vizuri."

Ndugu wawili hao walikuwa kwenye karakana, chumba cha mbele cha nyumba, maranda yamejaa sakafuni mpaka kwenye vifundo vya miguu na harufu ya gundi imeganda hewani. Kaka mtu ni seremala. Jina lake watu walishalisahau, wanamwita Kobe, maana akifuata nyayo za mnyama anakwenda pole pole, pua chini, na hatoki mahali kabla hajamaliza kupasoma. Leo Kobe alikuwa amekaa kwenye kigoda, goti limevimba kama papai, kitambaa cha maji ya moto juu yake. Mkononi ameshika mdeki, ule ufito mrefu wa kushindilia gobore, anausukuma ndani ya mtutu na kuutoa, anasafisha kwa maji. Maji yaliyokuwa yanatoka yalikuwa meusi tii.

Mdogo wake alikuwa amejilaza juu ya rundo la mbao, viatu kavilegeza kamba, macho mekundu. Yeye ni dereva wa lori, na hata humo ndani wanamwita Dereva tu. Jana karudi safari, leo kadamkia porini, kesho alfajiri gari linamsubiri. Kitu alichokitaka duniani kilikuwa kimoja, usingizi. Hata palepale kwenye mbao, misumari na kila kitu.

Sasa kilichotokea asubuhi ni hiki. Waliingia porini, kibali mfukoni, wakajibanza upande ambao upepo unawapiga usoni. Kulungu dume akatoka kichakani, akasimama ubavu, mtulivu kama anapigwa picha. Zamu ilikuwa ya Dereva. Akafyatua.

Gobore si bunduki hizi za kisasa. Ukifyatua, mbele yako panakuwa kama jiko la kuni mbichi, moshi mzito, huoni hata mkono wako. Mnyama karuka vipi, kainama, kaanguka, hujui. Ndiyo maana kwao, tangu kwa baba yao, kuna sheria: ukishafyatua funga mdomo. Kaa chini, moshi uondoke, nenda kasome pale aliposimama, ndiyo useme umempiga wapi. Maana kila kinachofuata kinategemea neno hilo. Wa kifuani unamfuata, hafiki mbali. Wa tumboni unamwacha. Unarudi nyumbani, unakula, unalala, unamfuata jioni, kwa sababu ukimwacha atalala karibu na atafia hapohapo. Ukimkimbiza, anaamka na maumivu yake na kwenda nayo mpaka usikokujua.

Dereva hakufunga mdomo. Moshi haujaondoka akasema, "Kifuani, kaka. Safi kabisa."

Halafu, kwa kuwa Kobe na goti lake alikuwa nyuma, Dereva ndiye aliyefika kwanza pale mahali. Akainama. Kwenye majani kulikuwa na nywele fupi, nyeupe, na pembeni uteute wa kijani kama majani yaliyotafunwa. Kulungu hana nywele nyeupe kifuani. Anazo tumboni. Hata mtoto mdogo wa nyumba ile analijua hilo.

Akazikanyaga. Akazungusha kisigino kidogo, basi. Maji yalishamwagika, kasema kifuani, na kaka mtu nyuma kashaanza kucheka kwa furaha, kitu ambacho hakikuwa kimeonekana tangu goti lianze kumsumbua. Akaona aibu kumzima.

Basi wakamfuata palepale. Hawakwenda mbali wakasikia matawi yanavunjika mbele. Kulungu alikuwa amelala, wamemwamsha. Wakafuata damu tone, tone, mpaka kwenye mwamba mpana, na hapo damu ikaisha. Kobe akasema wa kifuani hapindi kona, anakwenda moja kwa moja mpaka aanguke, kwa hiyo wapande juu. Wakapanda. Wakazunguka mpaka goti likagoma. Hawakuona kitu.

"Nimeshachoka na hii habari," Dereva akasema, amefumba macho. "Kulungu mmoja. Msitu mzima umejaa."

"Msitu umejaa wazima. Huyu tumemharibu sisi."

"Mvua inakuja. Kesho nina gari. Unataka nifanye nini?"

Kobe alichomoa mdeki, akauangalia mtutu kwa jicho moja akiuelekeza dirishani, kule mawingu yalikokuwa yamejipanga. Alipozungumza tena sauti ilikuwa imeshuka, na Dereva hakuipenda hata kidogo. Afadhali ile ya kufoka.

"Labda si baruti wala si wewe. Nafikiri ni mimi. Zamani nisingepotezwa na mwamba. Leo nimesoma, nimesoma, na kila nilichosoma hakiungani. Damu ilikuwa nyeusi, nikajiambia ni kivuli. Mnyama anatembea kama hana haraka, nikajiambia mimi ndiye mwenye haraka. Macho yamekwisha, mdogo wangu. Hii kitu nitaiuza. Mtu asiyejua kusoma asiende kujeruhi."

Jikoni sufuria ilinyamaza.

Dereva alilala vilevile. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi mbele yake: akae kimya tu, alale, kesho apande gari. Kaka atauza gobore, atapona goti, ataendelea na vitanda vyake na makabati. Nani angejua? Akahesabu hilo, akaona linawezekana kabisa, na hapo ndipo lilipomchosha kuliko njia yote aliyotembea.

"Nywele zilikuwa nyeupe," akasema.

"Nywele gani?"

"Pale aliposimama. Nyeupe, fupi. Na majani yaliyotafunwa. Nilizikanyaga."

Kobe akageuka pole pole, mwili mzima, maana goti halikumruhusu kugeuka vinginevyo.

"Ulizikanyaga."

"Nilishasema kifuani, kaka. Na wewe ulikuwa umefurahi."

"Mimi nilikuwa nimefurahi," Kobe akarudia, kama mtu anayeonja chakula asijue kimekosa nini. "Siku nzima unanipandisha mlima kwa goti hili, nasoma barua iliyochanwa mwanzo, na unaniacha nijione kipofu."

"Mpige na ufagio," dada akasema toka mlangoni, mikono ina povu. Lakini hakuwa anacheka.

Kobe hakupiga wala kufoka. Alichukua kitambaa kikavu, akakausha mtutu ndani, akamimina baruti kwa kile kipimo cha pembe, akafunga risasi kwenye kipande cha nguo chenye mafuta, akashindilia. Kila kitu taratibu. Dereva akamwangalia, akajua gobore anaandaliwa yeye, mwili mzima ukalia.

"Wa tumboni anatafuta maji," Kobe akasema. "Kwa hiyo pale mwambani alikata kushoto, akashuka. Fuata kijito, upande wa chini. Atakuwa amelala kwenye magugu, kichwa kimetazama alikotoka. Zunguka, mtokee kwa mbele. Fataki ya kuwashia baruti usiiweke mpaka umwone."

"Na nisipomwona?"

"Utarudi giza likiingia. Kesho utakwenda tena."

"Kesho nina lori, kaka."

"Lori lina dereva wa spea. Yule kulungu hana."

Dereva akavuta kamba za viatu. Vidole vilikuwa vizito, akafunga fundo, likafunguka, akafunga tena. Dada akamletea chupa ya maji, akamwekea koti begani.

"Kaka, nisamehe basi."

"Kamwambie kulungu kwanza," Kobe akasema, akampa gobore kwa mikono miwili, akarudi kukanda goti lake, hakumtazama tena.

Nje matone ya kwanza yalikuwa yameshaanza kudondoka kwenye bati. Dereva akatoka, akauvuta mlango nyuma yake. Hakuubamiza, hata hasira yenyewe ilikuwa hoi. Akaufunga tu.