Nguo Zisizokombolewa

Bi Hadija alisema amemwona kwa macho yake, si kwa kuhadithiwa. Kwa maneno yake, alikwenda Chikwaya kuokota korosho. Watu wote wa Chikwaya walikwishahamishiwa kijiji cha ujamaa kando ya barabara ya Mahurunga, lakini mikorosho haikuhamishwa, na kila mwenye miti alikuwa akirudi huko kwa miguu. Alipofika shamba la marehemu Athumani akasikia mtu anajikohoza. Si kikohozi cha maradhi, alisema, bali kile cha mwanamume anayeingia uani kwake na kutaka watu wajue. Akachungulia kati ya majani, akaona mgongo. Shati la kijani lenye kiraka cha kaki begani, kofia imelazwa kwenye sikio la kushoto, na mguu mmoja unaburuzwa kama wa mtu anayefuta nyayo zake.

"Nani mwingine anatembea vile?" aliuliza. "Niambieni. Nimeacha kikapu, nimeacha ndala, nimekimbia. Athumani yu hai, jamani. Anapalilia mikorosho yake."

Aliyasema hayo kwenye foleni ya duka la ushirika, ambako wanawake walipanga mawe na vikapu tangu alfajiri kushikia nafasi zao. Sabuni iliisha, na foleni haikuvunjika. Somoe alikuwa karibu na mwisho, analinda jiwe la mama yake. Athumani alikuwa baba yake. Habari ilimfikia ikiwa imenenepa njiani: kwa Bi Hadija baba alikuwa anapalilia, katikati ya foleni akaota ndevu, na kwa Somoe akafika amegeuka na kuulizia hali ya mkewe. Wanawake walipomwona mtoto wa mwenyewe wakanyamaza wote kwa pamoja. Hapo ndipo alipoogopa.

Alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, na mambo ya mwaka ule yalikuwa hayamwingii akilini. Walimu walisema wamehama ili wapate maji ya bomba, na bomba lilikuwepo kweli, limesimama katikati ya kijiji kama mgeni asiyekaribishwa, halitoi kitu. Walisema njaa imekwisha kwa sababu unga umekuja, lakini ulikuwa ule wa mahindi ya njano, ambao watu waliuita yanga, na mama yake akiusonga alikuwa anageuza uso. Na baba walisema amekufa.

Hilo nalo aliambiwa tu. Wakati wa masika baba alivuka Ruvuma kutafuta mahindi kwa ndugu wa ng'ambo. Mtumbwi ulionekana umepinduka. Yeye alikuja kuonekana baadaye sana, kule mto unakoingia baharini, amenasa kwenye mizizi ya mikoko, na wanaume waliokwenda walimtambua kwa msuli kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kumtambulia. Wakamzika hukohuko. Somoe hakuona jeneza wala kaburi. Aliona wanaume wanarudi wakiwa na tope magotini, hawamtazami.

Alichokiona ni siku ya tatu ya matanga. Wamakonde na Wayao ni watani, na msibani mtani ndiye anayetamba: anatukana wafiwa, anafungia sufuria, hakuna wa kumkatalia. Mtani wao alikuwa Rashidi, Myao aliyekuwa jirani yao kule Chikwaya. Siku hiyo aliingia chumbani kwa marehemu bila kupiga hodi, akatoka amevaa shati la kijani na kofia ya Athumani, anaburuza mguu wa Athumani. Akajikohoza. Akakaa kwenye kigoda cha Athumani, akapaza sauti:

"Somoe! Hayo maji yanatoka kisimani au yanatoka Makka?"

Yalikuwa maneno ya baba yake mwenyewe, kila siku Somoe alipochelewa na kata. Na sauti ilikuwa ileile. Watu walicheka mpaka wakalia. Mama yake, ambaye hakuwa ametia kitu kinywani tangu msiba ufike, alicheka ameshika mbavu, akaangukia ubavu mkekani. Somoe akasimama, akachota maji, akampelekea aliyekaa kigodani kwa mikono miwili kama alivyokuwa akimpa baba. Rashidi akayanywa yote. Kisha akamtazama mtoto juu ya ukingo wa kata, na akaacha kuchekesha.

Nguo anazochukua mtani hukombolewa kwa kuku na sinia la wali. Nyumba ile haikuwa na kuku wala punje ya mchele.

"Basi Athumani wenu nitakaa naye mimi," alisema Rashidi akiaga, "mpaka mpate kuku."

Watu wakacheka tena. Somoe hakucheka. Aliyachukua maneno yale kama yalivyo na akaenda kulala nayo.

Sasa, foleni ya sabuni ilipomleta Bi Hadija mpaka uani kwao, mama yake, Bi Zainabu, alimsikiliza hadi mwisho, mikono imo kwenye unga.

"Nguo zile anazo Rashidi," alisema Bi Zainabu.

"Rashidi gani? Wayao si walipelekwa kijiji chao, na Rashidi wanasema kaenda Tunduru kwa dada zake? Halafu Rashidi hachechemei, mwenzangu."

"Hukuwepo matangani wewe."

"Nilikuwa Mikindani namkanda mwanangu, kajifungua. Lakini Athumani namjua. Nimekaa naye ukuta kwa ukuta miaka yote. Mtu unamjua kwa mgongo."

Somoe alimtazama mama yake usoni, akitafuta furaha, au hofu, apate kujua yeye mwenyewe ashike lipi. Hakuona hata moja. Aliona vidole vyake vinaugandamiza unga, vinauachia, vinaugandamiza.

Maana Ijumaa kulikuwa na ndoa. Eda ilikuwa imekwisha, na fundi mmoja wa Madimba mwenye cherehani alikuwa amemposa Bi Zainabu. Mjomba Selemani, kaka yake mama, ndiye aliyepokea posa, kwa kuwa kwao mjomba ndiye mwenye watoto na mwenye neno. Somoe alishawasikia wakizungumza.

"Unga anao," alisema mjomba. "Vitambaa anavyo. Unataka nini tena, dada?"

"Na Somoe?"

"Somoe ni wa kwetu. Atabaki kwangu. Mtu haoi mke akabebeshwa ukoo mzima."

Mama alisema chai imepoa.

Jioni ya foleni mjomba alikuja amefura. "Mimi siwezi kumwoza mke wa mtu! Shehe kashasikia, ananiuliza. Yule fundi kule Madimba akisikia itakuwaje? Kesho baada ya adhuhuri nakwenda Chikwaya na mgambo wawili na mbwa wao. Mahame hapakai mtu, ni amri. Akiwa jini ataondoka mwenyewe. Akiwa mtu atafungwa kamba."

"Na akiwa baba?" aliuliza Somoe.

Mjomba akamgeukia kana kwamba kigoda kimesema. "Nenda kasuuze vyombo."

Asubuhi yake Somoe alimwambia mama yake anakwenda porini kuchimba ming'oko, vile viazi mwitu ambavyo watoto wote walikuwa wakichimba mwaka ule. Mama akampa jembe la mpini mfupi. Kisha akamfuata hadi mlangoni na kumfungia leso kichwani, polepole, ingawa haikuwa imefunguka.

"Usikawie," alisema. "Na ukiona kitu..." Akaliacha neno hapo, akarudi ndani.

Njiani Somoe alijipangia. Akiwa ni baba, harusi imevunjika, na mama habebwi kwenda Madimba. Lakini akiwa ni baba, kwa nini ameacha watu walie? Kwa nini amewaacha wale yanga naye yuko karibu hivi? Akamkasirikia. Akatembea akiwa na hasira na mtu ambaye alikuwa anaomba awe hai, na viwili hivyo vikawa vinakwenda naye pamoja, kimoja mkono huu, kingine mkono huu.

Chikwaya, alikofika jua likikaribia utosi, palikuwa pameota majani hadi kifuani. Nyumba yao ilikuwa imeinama upande mmoja, paa watu walikwishalichukua. Ila chini ya mikorosho ya baba palifagiwa. Palifagiwa duara kwa duara, kila mti na uwanja wake, kama baba alivyokuwa akifanya ili korosho ikianguka ionekane. Jirani hapakufagiwa. Kwa Bi Hadija mwenyewe nyasi zilikuwa zimemeza mashina.

Mtu akajikohoza.

Somoe aliona shati. Aliona kiraka ambacho mama yake alikishona usiku mmoja kwa uzi mweusi kwa kuwa wa kijani haukuwepo. Alitaka aite baba, akajikuta ameangusha jembe.

Mtu akageuka. Alikuwa Rashidi.

"Lahaula! Panya wa Kimakonde kanifuata mpaka huku," alisema, kisha akamtambua. Akatoa kofia kichwani. "Somoe. Umekuja na nani?"

"Peke yangu." Sauti yake ilitoka nyembamba. "Mbona unachechemea? Hakuna watu."

Rashidi akautazama mguu wake mwenyewe kama aliyeonyeshwa kidonda. "Aa. Huu." Akajaribu kusimama sawa. "Nimeuzoea. Nikivaa hizi nguo unakuja wenyewe."

"Walisema uko Tunduru."

"Tunduru nako wanakula nini? Nilirudi. Kijiji nilichopangiwa sina mti hata mmoja, na miti yangu ya hapa iliungua moto siku ya kuhama. Nikasema nitafagia ya Athumani, nile korosho zake kidogo. Sikuiba. Nguo zake ninazo, hazijakombolewa. Kwa hiyo, kwa desturi, mimi ni..." Akacheka, na kicheko kikaishia njiani. "Wewe usinisikilize. Njaa inanisemesha."

"Mama anaolewa Ijumaa," alisema Somoe.

Rashidi akakaa chini, pale alipofagia.

"Na nani?"

"Fundi wa Madimba. Mimi nitabaki kwa mjomba."

"Zainabu kakubali?"

"Sijui. Hasemi. Jana Bi Hadija kakuona mgongo, kasema baba yu hai, na mjomba amesema hawezi kumwoza mke wa mtu. Leo baada ya adhuhuri anakuja na mgambo."

"Mgambo!" Rashidi akasimama tena upesi. Akaangalia jua, akaangalia kibanda alichokuwa amejichomekea kwa makuti nyuma ya ukuta wao ulioinama. "Nyie Wamakonde mna roho mbaya. Mtu mzima afungwe kamba kwa ajili ya korosho?" Lakini hakuwa anatania, na Somoe aliliona hilo. Alikuwa mwembamba. Shati la baba lilimning'inia kama limetundikwa ukutani. Siku ya matanga lilikuwa limemtosha.

"Sikiliza, mwanangu," alisema, akianza kufungua kifungo cha shingoni. "Chukua hili. Mpelekee mjomba wako, mwambie, aliyeonekana ni Rashidi, na Rashidi kaondoka. Kuku nimesamehe. Nguo zimekombolewa. Mama yako aolewe kwa amani, na mambo ya maneno maneno yaishe." Akafungua cha pili.

Somoe alilitazama lile shati likifunguka, na ngozi ya mtu mwingine ikitokea ndani yake, na akahisi kwamba likitoka lote ndipo baba atakapokuwa amekufa, leo hii, saa hii, si wakati wa masika. Alijua huyu ni Rashidi. Alikuwa anamwona. Na bado hakutaka.

"Usivue," alisema.

"Nini?"

"Usilivue." Akamshika kwenye ukosi, jambo ambalo mtoto hamfanyii mtu mzima, na hakuachia. "Usiende Tunduru. Sasa jifiche mpaka mgambo wapite. Jioni, watu wakiwa barabarani wanarudi kutoka shamba, pita kwa mbali, kule kwenye mihogo kando ya kijiji. Si lazima useme kitu. Jikohoze tu mara moja. Wakuone mgongo, mjomba akuone, halafu uingie porini. Ijumaa ikipita basi. Mimi nitakuletea ugali kila siku, wa kwangu, nitakuletea na maji. Mtani, nakuomba. Pita tu. Usigeuke."

Korosho moja ilidondoka kwenye uwanja uliofagiwa, ikabingirika, ikasimama karibu na mguu wake. Rashidi aliitazama. Kidole chake kilikuwa kwenye kifungo cha tatu, hakikufungua wala hakikufunga. Upande wa barabara, mbali, mbwa wa mgambo alibweka, na Somoe alikuwa bado ameshika ukosi, anamtazama mdomo, anasubiri.