Amplifaya Kubwa Kama Kabati

Siku mpiga gitaa mmoja alipokwenda dukani kuchagua amplifaya, mashine ya kukuzia sauti ya gitaa, ya kupigia jazi, dada yake, mwimbaji wake, alimsihi: "Kaka, chukua hii ndogo. Ipunguze sauti kabisa, ndipo utajua uzuri wake."

Wapi! Kaka aliichomeka ile kubwa kama kabati, akaifungulia mpaka vioo vya duka vikatetemeka.

"Hii ndiyo mashine! Hiyo yako redio ya jikoni."

"Haya, bingwa. Kumbe tunapigia kwenye uwanja wa mpira."

Walipigia kwenye mkahawa wenye meza chache. Ikipunguzwa, mashine ilikoroma. Ikiongezwa, ilimmeza dada mzimamzima. Dada akashindana nayo mpaka sauti ikamkauka, na kaka, masikio yamezibwa na majivuno, akamwambia mbele ya wateja kwamba siku hizi anaimba hovyo.

Dada hakugombana naye. Alihamia kuimba na mpiga kinanda.

Kaka alipokuja kuibadilisha ile mashine kwa ndogo, aliipunguza sauti, akapiga wimbo wao. Ulitoka laini mno. Akampigia dada simu.

"Ulisema kweli."

"Najua, kaka." Akacheka kidogo. "Ila niwahi, mwenzangu ananisubiri mazoezini."