Yai la Wiki Tatu

Karatasi iliingia majini ikiwa nyekundu, ikatoka buluu. Wajumbe wa kamati ya kijiji, waliobanana sebuleni kwa mwalimu, walitazamana. Siti binti Mboni alikuwa amesimama mlangoni, kwa kuwa hakuna aliyempa kiti.

"Mmeona wenyewe," alisema Mwalimu Valentini, akiinua kile kikaratasi juu kama hati ya hukumu. "Hii inaitwa litmasi. Ikigeuka buluu hivi, ujue maji yametiwa magadi, au maji ya majivu. Na humu nyumbani mwangu anayesugua masufuria kwa maji ya majivu ni mmoja tu."

Wote wakamgeukia Siti, aliyekuwa akimfanyia kazi za nyumbani.

Mezani, chini ya dirisha, lilikaa sanduku la kioo ambalo mwalimu alililetesha kwa lori kutoka Dar es Salaam. Ndani aliweka matumbawe hai na visamaki sita vya rangi, vyote vya kupelekwa Lindi kwenye maonyesho ya Saba Saba, kijiji chetu cha ujamaa kipate sifa. Alivilea kama wanawe. Asubuhi na jioni alivipulizia hewa kwa pampu ya baiskeli, na kila alfajiri, maji ya sanduku yalipopungua, alishuka pwani kuchota ndoo nyingine ya kujazia. Juma lile samaki wanne walikufa. Wawili waliobaki walikuwa wamelala chini, midomo wazi.

Jana yake asubuhi mwalimu alikwenda kisimani, mbele ya wanawake wote, akapaza sauti: "Siti ametia sumu kwenye maji yangu!"

Angesema mwizi, ingekuwa nafuu. Lakini sumu, tena kwenye maji! Tangu Operesheni ya kuhamia vijijini ilipotukusanya mahali pamoja mwaka juzi, kaya themanini zilikuwa zikinywa kisima kimoja. Ziada, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuitupa ndoo ya Siti pembeni. Mwenyekiti Bakary Likwata akamzuia Siti kamba ya kisima mpaka shauri likatwe, akatamka kwamba likithibitika, hataigusa tena. Na kisima cha pili kiko Kinjumbi, mwendo wa saa mbili kwa mtu mwenye goti zima. La Siti lilikuwa bovu.

"Una la kusema?" aliuliza mwenyekiti.

Siti alikuwa na hasira kuliko hofu, na hofu yenyewe haikuwa ndogo. Usiku kucha hakulala, akiwaza kile kisanduku. Miaka ishirini amepika chumvi. Maji ya chumvi anayajua kuliko anavyowajua wakwe zake.

"Ninalo. Mwalimu, karatasi hiyo umeshaitia bahari?"

"Bahari ya nini?"

"Ndoo hiyo hapo mlangoni umeichota mwenyewe leo alfajiri. Mkono wangu haujaigusa. Itie."

Valentini alisita. Mwenyekiti akamwonyesha ndoo kwa kidevu. Karatasi mpya ikazama, ikatoka buluu ile ile.

"Ala!" alisema Bakary Likwata. "Kumbe hata baharini Siti kasugulia masufuria?"

Wajumbe walicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Mikaeli, katibu wa kamati, mtu wa kushika neno lisimponyoke, alikohoa. "Karatasi haikumshitaki, sawa. Lakini haikumsafisha pia. Samaki wanakufa. Wanakufa kwa nini?"

Siti akafungua pindo la kanga, akatoa yai.

"Yai hili lina wiki tatu kapuni," alisema. "Sisi wapika chumvi hupima maji kwa yai: bichi la jana ni zito, huelea mwishoni tu, maji yakikaribia kuwa chumvi. Hili la zamani ni jepesi. Ukilitia maji ya bahari linazama polepole. Lakini chumvi ikizidi ya bahari, linaelea."

Hakuwaambia kwamba sandukuni hajalijaribu. Alichokiona ni ukoko mweupe uliogandia ukingo wa kioo, basi. Likizama, amejikaanga mwenyewe.

Aliliachia kwenye ndoo. Yai likashuka taratibu mpaka chini, likatulia. Akalitoa, akalifuta, akasogea mezani. Akaliachia sandukuni.

Yai lilishuka. Likapita katikati ya maji, likaendelea. Mikaeli alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa. Karibu na matumbawe yai likasimama. Likajigeuza upande. Kisha likaanza kupanda, bila haraka yoyote, mpaka kipande chake cheupe kikatokeza juu ya maji, kadiri ya shilingi.

"Jua na upepo vinakunywa maji," alisema Siti, na sauti yake sasa ilikuwa imara. "Chumvi havinywi, inabaki. Wewe kila alfajiri unajazia ndoo yenye chumvi nyingine. Mwezi mzima, mwalimu! Ulikuwa unapika chumvi humu, na samaki ndani. Palipopungua pangejazwa maji ya kisima."

Valentini alikuwa amekaa chini. "Maji matamu?" alisema kwa unyonge. "Mama, kwetu Newala maji ya kunywa mtu anayafuata nusu siku. Nimwagie samaki? Nilijua samaki wa bahari ni wa bahari."

Siti karibu amhurumie. Kisha akaikumbuka ndoo yake ikibingirika mchangani.

"Tia ndoo mbili, kikombe kikombe mpaka kesho. Huenda hao wawili wakapona."

Mwalimu aliruka, akanyakua ndoo tupu, akamnyooshea. "Nakuomba, mama, nichotee."

Siti hakuipokea. "Mimi nimezuiwa kamba. Nenda wewe. Na ukifika, sema kwa sauti ile ile ya jana."

Valentini alimtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akatazama dari. Mwalimu akawatazama samaki, mmoja ameshaanza kulala ubavu. Akatoka.

Kisima kilikuwa hatua sitini. Siti alirudi mlangoni, akasikia soga za wanawake zikikatika, kisha sauti ya mwanamume, ndogo, ikimumunya maneno.

"Sijasikia!" alipiga kelele Siti.

Halafu kijiji kizima kikasikia: "Siti hakutia sumu! Ni mimi! Samaki nimewaua mimi!"

Siti alilitoa yai majini, akalifunga tena kwenye pindo la kanga. Kisha akavuta kiti cha mwalimu, akaketi, akangoja maji.